Vyombo vya Shirika: Historia ya Zana za Visima Katika Nchi ya Habaswein



Kila mwaka taarifa yetu huanza na fedha zilizoingia na zilizotoka, nayo hupita upesi juu ya ghala la zana kwa mistari miwili au mitatu. Mwaka huu kamati imeona vema ghala nalo lipewe kurasa zake, kwa kuwa katika mikutano yetu ndilo lililozungumzwa kwa ukali kuliko hata fedha. Wapo wanachama wanaotaka kila spana iandikwe na kila mwenye kuiazima atie sahihi. Wapo na wazee wetu wanaosema kuwa haifai mtu kuandikwa kama mshukiwa kwa ajili ya nyundo iliyonunuliwa kwa mchango wake mwenyewe. Pande zote mbili zina sababu, na sababu hizo zina umri mkubwa kuliko chama hiki. Basi tumeona tueleze zilikotoka, ili atakayesimama kusema katika mkutano ujao aseme akijua.

Habaswein iko kusini mwa Wajir, katika njia iendayo Garissa kupitia Modogashe. Jina lake, kama ajuavyo kila asemaye Kisomali, maana yake ni vumbi kubwa, na mgeni afikaye wakati wa kiangazi hahitaji mfasiri. Mto Ewaso Ng'iro, ushukao kutoka nyanda za juu za Kenya, hufia katika bwawa la Lorian upande wetu wa magharibi. Kutoka hapo bonde huendelea likiitwa Lagh Dera hadi Somalia, lakini ni bonde kavu lisilopitisha maji ila katika miaka ya mafuriko. Maji yetu ya kutegemea yako chini. Tabaka la ardhi lichukualo maji, ambalo wataalamu huliita kwa jina la Merti, hupita chini ya Habaswein na kwenda hadi Dadaab na Liboi, na kuyafikia maji hayo yapasa kwenda chini kiasi cha mita 100 au zaidi. Hakuna kamba wala mkono wa mtu ufikao huko. Hufika bomba la chuma tu, na bomba la chuma halishuki wala halipandi bila zana.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mababa zetu hawakuwa na ghala la zana, nao hawakuwa wajinga wala wazembe. Hawakulihitaji.

Tutazame visima vifupi vya Wajir, vilivyochimbwa katika mwamba wa chokaa tangu zamani, ambavyo maji yake si ya mbali. Maji yalivutwa kwa wadaan, yaani ndoo ya ngozi, yakamiminwa katika hori, wanyama wakanywa. Kila boma lilikuja kisimani na wadaan lake na kamba yake, likaondoka navyo vimefungwa juu ya ngamia wa mizigo pamoja na haan za maji. Hori la udongo lilibaki pale pale, na waliolinywesha mifugo yao ndio waliolikandika upya lilipopasuka. Kisima nacho kilikuwa na wenyewe, ndio waliokichimba au warithi wao. Jirani zetu Waborana wana majina kamili ya mambo haya: mwenye kisima ni abba konfi, na msimamizi wa zamu za kunywesha ni abba herega. Kazi ya abba herega ilikuwa kujua leo ni zamu ya nani, kesho ni ya nani, na mgeni aliyefika na kiu apewe nafasi ipi. Hakuwa na daftari. Hesabu ilikuwa kichwani mwake, na macho ya watu wote waliosimama kisimani yalikuwa mashahidi wake.

Tukiutazama vizuri utaratibu huo, twaona kwamba kilichokuwa cha shirika hakikuweza kubebwa, na kilichoweza kubebwa hakikuwa cha shirika. Nani atakiiba kisima? Nani atakiazima hori la udongo akasahau kulirudisha? Na wadaan la mtu, lililokatwa na kushonwa nyumbani kwake, lilijulikana hata likiwekwa kati ya mengine ishirini. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza chombo kiko wapi. Palikuwa na haja moja tu, ya kuuliza zamu ni ya nani.

Kilichokuwa cha thamani na chenye kutembea kilikuwa ngamia, na hapo mababa zetu waliweka kumbukumbu kwa bidii kubwa. Walimtia chapa ya moto, sumad, ambayo kwayo ngamia aliyepotea aliweza kutambuliwa na watu wasiomjua mwenyewe kwa uso. Hata ngamia wa maziwa aliyeazimwa jamaa aliyefikwa na shida hakubadilika kuwa mali ya mwenye kuazima, hata akikaa kwake mwaka na zaidi. Ukoo wote ulijua ni wa nani na amekaa kwa nani. Mzee asemaye kwamba desturi yetu haijui kuhesabu mali iliyo mikononi mwa mwingine atutazamie jambo hili tena. Desturi yetu yalijua sana. Ila ilihesabu kwa alama iliyo juu ya kitu, haikuhesabu kwa jina la mtu lililo juu ya karatasi.

Utaratibu mwingine ulitoka mbali, nao ulikuja pamoja na chuma. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Vibarua na mafundi walioletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo walikuwa karibu 32,000, na mji wa Nairobi wenyewe ulikua kuizunguka stesheni na karakana za reli. Neno karakana lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni nyumba ya kazi. Katika nyumba ya namna hiyo mamia ya watu hushika zana zisizo zao. Asubuhi msumeno uko mkononi mwa huyu, jioni uko kwa yule, na mwenye mali hayupo. Hali hii ni kinyume kabisa cha ile ya kisimani.

Karakana za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kulikabili jambo hili katika karne ya 19, na dawa waliyoitumia ni nyepesi hata inashangaza. Kila fundi alipewa vibati kadhaa vya shaba ya manjano, vyote vimepigwa namba yake. Alipotaka chombo alikwenda dirishani, akatoa kibati kimoja, akapewa chombo; mtunza ghala akakitundika kibati kwenye msumari ule ule kilipotoka chombo. Aliporudisha alipewa kibati chake. Fundi aliyekwisha vibati hakuweza kuazima tena mpaka arudishe kimojawapo. Aliyevunja chombo alileta vipande vyake dirishani. Na aliyeacha kazi alihesabiwa vibati vyote kabla ya kupewa mshahara wa mwisho. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuusimamia utaratibu huo pasipo taabu, maana ukuta wenyewe ulikuwa daftari: palipo na nyundo, nyundo ipo, palipo na kibati, yuko mtu wa kuulizwa, pasipo na nyundo wala kibati, kuna jambo.

Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na kasoro. Kibati chasema ni nani aliyechukua, hakisemi tangu lini wala amekwenda nacho wapi. Ndani ya karakana yenye kuta nne hilo si neno. Katika nchi ambayo spana yaweza kupanda lori asubuhi na jioni ikawa Modogashe au Dadaab, ni neno kubwa.

Katika nchi yetu zana za chuma zilikuja kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 na 1941, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakijitayarisha kuingia Somalia iliyotawaliwa na Waitalia, wahandisi wa kijeshi kutoka Afrika Kusini walitengeneza barabara na kuchimba visima katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa sababu jeshi lisilo na maji haliwezi kuvuka nchi hii. Jeshi lilikuja na daftari lake. Kila koleo, kila karai, kila kamba iliandikwa. Askari alitia sahihi au alama ya kidole, na kilichopotea kililipwa kwa mshahara. Baada ya vita ulifuata mpango wa serikali wa visima virefu na malambo, uliojulikana kwa jina la mtaalamu wa miamba, Frank Dixey. Na katika miaka ya 1970 zikaja kazi nyingine za namna hiyo za kuwapatia wafugaji maji. Katika nyakati hizo zote visima vilikuwa katika malisho yetu, lakini zana zilikuwa za serikali. Mtambo ulipoharibika watu walingoja lori la mafundi. Lori likija na zana zake, kazi hufanyika. Lori likiondoka, huondoka nazo. Mfugaji alikuwa na haki ya kunywesha, hakuwa na haki ya kugusa spana. Kwa hiyo vizazi viwili au vitatu vilikua karibu na mitambo pasipo kujifunza kuitunza, na hili twaliona kuwa hasara kubwa kuliko spana zote zilizopotea tangu hapo.

Sasa tuje kwenye hofu ya wazee, ambayo vijana wengine huicheka wasijue chanzo chake.

Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 na aliyeondoka katika hifadhi ya kabila lake alipasika kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake, na siku alizoanza na kuacha kazi, nayo iliwekwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani mwaka 1921 na 1922, na hakikuondolewa kwa namna hiyo mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe. Hebu tukilinganishe kipande na kile kibati cha karakana. Kibati kilitundikwa ukutani mahali pa nyundo; kipande kilitundikwa shingoni mwa mtu. Kwa kibati, mtu ndiye aliyeshika zana. Kwa kipande, mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa zana, na tajiri ndiye mwenye kuazima.

Wafugaji wa kaskazini walikuwa na mambo yao mengine. Kuanzia mwaka 1926 wilaya yetu ilikuwa nchi iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa, na sheria ya mwaka 1934 ikaongeza mamlaka ya kuwafungia watu katika mipaka ya malisho yao. Baada ya Uhuru vikaja vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, watu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na mifugo mingi ikaangamia; na sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya mkoa huu hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wajitokeze wakaguliwe uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo raia wengine wa Kenya hawakuwa nayo. Wako miongoni mwa wanachama wetu waliosimama katika safu hizo. Mtu wa namna hiyo akiona karani amefungua daftari na kuuliza, “Jina? Jina la baba? Ukoo gani?”, moyo wake hauendi kwenye spana. Huenda kwenye mlolongo mwingine aliosimama zamani, ambako kuandikwa kulikuwa na hatari, na kutoandikwa kulikuwa na hatari zaidi.

Kwa hiyo kamati haikubali kwamba wazee wanaokataa sahihi wanataka kuficha mali. Walakini haikubali pia kwamba dawa ya daftari baya ni kukosa daftari. Wahenga wamekwisha sema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na hilo tumelionea.

Katika mazungumzo yetu, wanazuoni walio wanachama walitukumbusha kwamba dini haikuliacha jambo hili bila mwongozo, na maneno yao yalituliza mkutano kuliko ya mtu mwingine. Kwanza, Sura ya Al-Maun yawalaumu wanaozuia misaada midogo, na wafasiri wa zamani wameeleza kuwa misaada hiyo ni kama shoka, chungu na ndoo, vitu ambavyo majirani huazimana. Kwa hiyo ghala linalofungwa kufuli ili lisipoteze kitu limekimbia moshi likaingia motoni. Pili, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara yaamuru deni la muda liandikwe na karani mwadilifu mbele ya mashahidi. Lakini biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, imesamehewa kuandikwa. Tatu, kuna habari ya Safwan bin Umayya, ambaye Mtume alimwazima deraya kabla ya vita vya Hunain, katika mwaka wa 8 wa Hijra. Safwan hakuwa amesilimu wakati huo. Aliuliza kama deraya zake zinanyang'anywa, akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Mwenye nguvu alimdhamini mwenye mali, na wala hakuona kuulizwa kuwa ni matusi.

Kutokana na habari hiyo mafakihi wametofautisha amana na azima. Aliyewekewa amana hadhamini ila akizembea, maana ashika kwa manufaa ya mwenye mali. Mwenye kuazima ashika kwa manufaa yake mwenyewe, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu na ya ndugu zetu wa pwani, yeye hudhamini chombo kikipotea au kikiharibika. Ila kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale yaliyoruhusiwa hakidhaminiwi. Wahanafi wao humdhamini pale tu alipovuka mpaka au kuzembea. Tukiyapeleka hayo ghalani: mtunza ghala ni mtu wa amana, mwenye kuazima ni mdhamini, na tindo lililoisha kwa kupiga mwamba halina deni juu ya mtu. Swali lililosumbua mikutano mitatu, la nani alipe spana iliyokatika meno, lilikuwa limejibiwa tangu karne nyingi.

Tumalizie historia kwa mambo ya karibu. Katika miaka ya 1990, baada ya ukame mkali na mapigano ya koo katika Wajir, vilianza kuundwa vyama vya wafugaji na kamati za watumiaji wa maji, vikisaidiwa na Oxfam miongoni mwa wengine, ili wenyeji wasimamie visima virefu wao wenyewe. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliupa mwendo huo nguvu, na tangu mwaka 2013 maji yamekuwa kazi ya serikali za kaunti. Hivyo zana zilizokuwa za serikali zikawa za shirika. Lile agizo la kale likapinduliwa: kisima chetu cha leo kina vitu vya shirika ambavyo vyaweza kubebwa na mtu mmoja chini ya kikoi.

Wanachama wanaokaa mjini wapaswa kujua maana ya jambo hili kisimani. Pampu ikikwama chini, hutolewa hivi. Husimamishwa miguu mitatu ya chuma juu ya mdomo wa kisima, hutundikwa kapi la mnyororo, na bomba hupandishwa kipande kwa kipande. Kila kipande kikitokeza, kibano hufungwa chini ya kiungo chake ili kushika mabomba yote yaliyobaki chini pamoja na pampu, ndipo spana mbili kubwa za bomba zifungue kiungo, moja ikishika na moja ikizungusha. Kisha hufungwa kibano cha pili, na cha kwanza hulegezwa. Uzito wote huning'inia juu ya kibano kimoja wakati huo. Kibano kikikosekana, kazi haianzi. Na mtu akikata tamaa akafunga mnyororo au waya mahali pa kibano, na waya ukateleza, mabomba na pampu huanguka hadi chini, na mara nyingi kisima chote hupotea pamoja nayo. Kibano ni vipande viwili vya chuma na parafujo zake. Thamani yake sokoni ni ndogo. Lakini ng'ombe wa kiangazi hawezi kupita siku mbili au tatu bila maji, na tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Kila mmoja wetu ajua siku moja ya kungoja kibano ilikuwa na bei gani. Visima vingi sasa vimewekewa mitambo ya jua badala ya injini za dizeli, na tunashukuru, ila pampu ingali chini kule kule.

Tena zana hizi hazipotei kwa wizi kama watu wanavyodhani. Hupotea kwa wema. Fundi wa kisima cha jirani huja mbio akiomba spana ya saa moja, naye hupewa, maana ni nani atakayemnyima mtu ambaye ng'ombe zake wanalia? Kutoka kwake hupita kwa mwingine mwenye shida ile ile. Baada ya wiki mbili spana iko mikononi mwa mtu mwema wa tatu, asiyejua ilitoka wapi. Kila mmoja katika mlolongo huo amefanya la haki, na spana haipo.

Kwa hayo yote, mkutano mkuu ulipitisha utaratibu unaofuatwa sasa. Kwenye ukuta wa ghala pamechorwa kwa rangi nyeusi umbo la kila chombo mahali pake, hata mtoto aingiaye huona kilichokosekana. Vyombo vyenyewe vimepigwa alama ya chama kwa tindo, kama ngamia apigwavyo sumad. Kila mwanachama amepewa vibati vitatu vya bati. Hakuna namba juu yake. Kila mtu amechora alama aitakayo, na wengi wamechora chapa ya ngamia zao, wengine herufi, na mama mmoja amechora haan, nasi twaiona alama hiyo kuwa nzuri kuliko zote. Achukuaye chombo kukitumia ndani ya ua wa kisima hutundika kibati chake, basi. Hiyo ni kama biashara ya mkono kwa mkono, haiandikwi. Chombo kitokacho nje ya ua huandikwa katika daftari: jina la chombo kwanza, kisima kinakokwenda, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na mwisho alama ya mdhamini na ya shahidi mmoja. Ukoo hauulizwi. Jina la baba haliulizwi. Akipewa mtu wa pili huko kiliko, aliyekitoa ghalani hubaki kuwa mdhamini mpaka mpokeaji aje mwenyewe atie alama yake.

Vibano vyote viwili, kapi, miguu mitatu na spana mbili kubwa vimewekwa pamoja katika sanduku moja, na havitoki kimoja kimoja. Hutoka vyote kwa pamoja pamoja na fundi wetu, hurudi vyote pamoja naye. Wanachama wengine waliona hili kuwa ugumu wa moyo, hasa kwa visima vya majirani vilivyo mbali. Kamati ilijibu kwamba kisima cha jirani hakifaidiki kwa nusu ya sanduku, wala chetu.

Kazi ya kutunza ghala hushikwa kwa miezi mitatu mitatu, kwa zamu, na mwenye kutoka huhesabu ukuta mbele ya mwenye kuingia na wazee wawili, mmoja akiwa ni katika wale waliopinga daftari. Sharti hili la mwisho lilitolewa na wazee wenyewe. Siku ya kuhesabu, vijana husoma daftari kwa sauti na wazee hutazama ukuta, na mara kadhaa wazee wameona pengo kabla ya msomaji kulifikia.

Limebaki jambo moja ambalo halijaamuliwa, nalo litaletwa mbele ya mkutano ujao. Madhehebu yamedhamini kilichopotea na kusamehe kilichochakaa. Lakini mnyororo wa kapi, ukikatika katika kazi ya kisima cha jirani baada ya kutumika miaka mingi kwetu, umechakaa kwa nani? Fundi asema kwetu. Mweka hazina asema kwao. Mnyororo wenyewe umewekwa ghalani juu ya sanduku, pande zake mbili, ili kila mwanachama autazame mahali ulipokatika kabla ya kupiga kura.